Namna ya kuandikisha garanti ya mukopo ku RCCM bila kukosea

Bandugu benye munakopesha ao munakopa mu biashara hapa Lubumbashi, leo nataka tuongee juu ya kitu yenye inaangusha batu bazuri kila mwaka: garanti yenye haikuandikishwa, ao iliandikishwa vibaya. Kontra iko, sinyatire ziko, kashe iko, notere aliona, halafu siku mwenye deni anashindwa kulipa munafika ku grefe (ofisi ya tribinali yenye inachunga RCCM, ile rejistre ya biashara na ya garanti) munakuta mu rejistre hakuna kitu, ao kuko jina ya mutu mwingine. Miye nafanya kazi ya kupanga dosye za mukopo, na ile uso ya mutu mwenye anaelewa siku hiyo kama karatasi yake haina nguvu mbele ya bengine, sipendi kuiona tena.

Kwanza tujue tuko mu sheria gani. Kongo iliingia mu OHADA (inchi za Afrika zenye ziko na sheria moja ya biashara) tarehe 12 Septemba 2012, na tangu hapo garanti zinafuata sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010. Ile sheria inatenga vitu. Kitu ya kushika na mukono yenye inaweza kutembea, kama vile kamio, mashini, mifuko ya unga mu depo, garanti yake ni gaji. Kitu yenye hauwezi kushika, kama vile sehemu zako mu sosiete, deni yenye batu bengine banapashwa kukulipa, ao fon de komersi (biashara yenyewe na bakiriya yake), ile ni nantisema. Hizo mbili njo zinaandikwa ku RCCM. Lupango na nyumba ni ipoteke, na ile inaenda kwa konservateri wa titre (mwenye anachunga karatasi za udongo na nyumba), haiendi ku RCCM. Na kama mutu anakupatia permi ya mine kuwa garanti (hapa Katanga hiyo inatokea), ujue ile iko na njia yake ku CAMI (ofisi ya leta yenye inaandika permi za mine). Nimeona dosye yenye kila kitu kilipelekwa ku ofisi moja juu mutu aliona ni karibu na kazi yake, na nusu ya garanti ikabakia hewa.

Sasa jina. Hapa njo batu mingi sana banakosea, kwa hiyo vumilia kidogo nielezee yote. Rejistre inatafutwa kwa jina na kwa namba. Ukiandika jina vibaya, mwenye atakuja nyuma yako atatafuta jina ya kweli, ataambiwa hakuna kitu, atakopesha naye, na wewe utabakia na maneno. Sisi bakongomani tuko na jina, postnomi na prenomi, na kila karatasi inazipanga vile inataka: karti ya elekteri inasema hivi, pasporo vile, na rafiki zake banamuita na prenomi tu. Ukiandika Ilunga bila postnomi, jiulize Lubumbashi iko na ba Ilunga bangapi. Chukua jina sawa vile iko ku RCCM yake, herufi kwa herufi, na namba ya RCCM pembeni. Ile namba iko na herufi A kama ni mutu peke yake na B kama ni sosiete, ukiona A na mutu anakuambia niko na sosiete, simama hapo hapo.

Juu kuko ile mambo ya Ets (etablisma). Mutu anafungua duka, anaandika Ets fulani ku mulango, anatengeneza kashe, na kila mutu anaamini Ets njo iko na deni. Etablisma haiko mutu mbele ya sheria, mwenye deni ni yeye mwenyewe, na jina yake kamili njo inapashwa kuwa ya kwanza mu formilere, Ets ifuate kama jina ya biashara. Na kuko dosye za zamani: kontra yenye ingali inasema SPRL (aina ya sosiete ya mbele ya OHADA) na namba ya NRC (rejistre ya biashara ya zamani). Sosiete zilipewa mpaka tarehe 12 Septemba 2014 kujipanga na OHADA, kwa hiyo ukiona leo SPRL mu karatasi ya mutu, uliza statiti mupya (karatasi yenye inapanga sheria za sosiete) na namba ya RCCM mbele ya kuandika hata mustari moja. Usikopie tu kontra ya mukopo wa zamani ukabadilisha tarehe, makosa mingi inatoka mu kopi.

Ofisi gani? Ile yenye mwenye kutoa garanti anaandikishwa. Kama sosiete yake iko mu RCCM ya Kolwezi, haijalishi kama unaishi Lubumbashi na kamio inalala Kampemba kila usiku, unaenda kuandikisha Kolwezi. Ni barabara ndefu na ni feza ya transpore, lakini ukiandikisha hapa juu ya kuokoa hiyo safari, mutu mwenye atauliza Kolwezi hatakuona.

Kwa kitu yenyewe, andika vile mutu mwenye hajawahi kuiona anaweza kuitambua kati ya zingine. Kuandika kamio moja ya rangi nyeupe haitoshi. Andika marki, modele, mwaka, plaki, na namba ya shasi, na ile namba usiitoe ku karti roze peke yake, shuka mu parkingi, isome ku shasi, piga picha. Namba ya shasi yenye iko na alama 17 haitumiaki herufi I, O na Q, kwa hiyo ukiona O mu karatasi ujue ni zero na mutu aliandika vibaya. Mashini ya kuchimba na jenereta nazo ziko na plaki ya namba ya seri, usiridhike na fakture. Kama ni stoki, sema ni bidhaa gani, kiasi gani, bei gani, na depo gani, avenue na komine, juu stoki inatoka na kuingia kila siku, na kama mutu iko na depo mbili halafu uliandika moja, utaona mifuko inahamia ku ile ingine wakati mambo inakuwa mubaya.

Feza uandike na namba na maneno, useme ni dola ao ni franka, na utenge deni yenyewe, enterê na frè. Muda wa inskripsio (kule kuandikwa mu rejistre) munachagua nyie wenyewe kati ya mwaka 1 na miaka 10. Watu banapenda kuweka muda sawa na mukopo, miye nasema ongeza: mukopo wa miaka 3 unaweza kucheleweshwa, kupangwa upya, kufika tribinali, na garanti ikisha kuisha katikati hautarudia ku nafasi yako ya zamani.

Juu ya nafasi, ni kusema nani analipwa wa kwanza, nielezee kesi moja. Baba moja, mufanyabiashara wa hapa, alikopesha mwenzake juu ya mashini ya kuchimba. Kontra ilisainiwa mwezi wa tatu na feza ilitoka siku hiyo hiyo, ni marafiki, banasali pamoja. Baba yule alienda ku grefe mwezi wa sita. Kati hapo, mukopeshaji mwingine alichukua mashini ile ile kuwa garanti na akaandikisha mwezi wa tano. Yule wa mwezi wa tano alikuwa wa kwanza, juu nafasi inafuata tarehe ya inskripsio, tarehe ya kontra haiangaliwe. Baba yule alipata yenye ilibakia, na haikuwa mingi. Kwa hiyo panga hivi: mbele ya yote omba ku grefe etati ya inskripsio (karatasi yenye inaonyesha garanti zote zenye ziliandikwa) ya jina ya mukopaji uone nani yuko mbele yako, kisha saini, kisha andikisha, kisha omba etati tena uone jina yako mule ndani, njo feza itoke. Mukopaji akikusukuma juu kontena yake iko Kasumbalesa inalipisha kila siku, mwambie tushuke ku grefe pamoja leo asubui.

Lupango iko na mitego yake. Mutu anakuletea fishi ya parseli ya komine, ao karatasi ya kuuziana yenye shefu wa kartiye alisaini, anasema hii ni nyumba yangu. Inaweza kuwa nyumba yake kweli, lakini kwa sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, ipoteke inakaa juu ya sertifika ya anrejistrema (titre ya lupango yenye konservateri anatoa). Bila hiyo konservateri hana fasi ya kuandika. Na sertifika yenyewe uisome tarehe: konsesio (haki ya kutumia udongo ya leta) ya sosiete iko na mwisho, miaka 25 yenye inaweza kuongezwa, kwa hiyo usikubali ipoteke ya miaka 5 juu ya konsesio yenye inabakisha 2.

Kisha uliza nani anasaini. Jera (mwenye kuongoza) wa SARL, aina ya sosiete yenye ilichukua nafasi ya SPRL, soma statiti kama inamupatia nguvu ao kama inaomba mukutano wa ba asosie. Sosiete anonime ikitoa garanti juu ya deni ya mutu mwingine, inapashwa kuwa na ruhusa ya konseye ya administrasio (kikundi chenye kinaongoza sosiete) mbele ya kusaini. Na kwa lupango ya mutu mwenye ndoa, bibi na bwana bote babili bakubali. Mama asipokubali usitafute njia ya kupita pembeni, nyumba ni ya batoto yake pia.

Ukipewa resepise (karatasi ya grefe yenye inaonyesha uliandikisha) usiikunje ukaweka mu mufuko. Isome pale pale mbele ya grefie, jina, namba, shasi, kiasi, muda, juu kosa ya mutu wa kupiga klaviye ni yako kama hauikuiona. Weka tarehe ya mwisho mu telefone, na ingine miezi 6 mbele yake, juu inskripsio inaongezwa mbele haijaisha. Sosiete ikibadilisha jina ao siege, nenda ubadilishe.

Na wewe mwenye ulikopa: siku unamaliza kulipa, usirudie nyumbani na barua ya asante peke yake. Omba menleve (mukopeshaji anakubali garanti ifutwe) kwa maandishi, upeleke ku grefe ao kwa konservateri bafute, na uombe etati mupya yenye jina yako ni safi. Nimejua batu balilipa yote, halafu banki ya pili ikabakatalia mukopo juu ile ya kwanza ilikuwa ingali imeandikwa.