Faili zilizo kama chanda na pete: jinsi ya kuzinasa kwa Git

Nikikabidhiwa programu ambayo walioiandika wameshaondoka, sianzi kwa kusoma msimbo. Naanza na historia yake, yaani kumbukumbu ya mabadiliko inayotunzwa na Git. Msimbo utaniambia faili gani inaita faili gani. Historia itaniambia kwamba ukigusa hii, na ile utaigusa tu, hata kama hakuna mstari unaoziunganisha. Hapo ndipo sisi wa matengenezo tunapoumia: unarekebisha upande mmoja, majaribio yote yanapita, kisha mtumiaji analalamikia ukurasa ambao hata hukuufungua.

Ingia kwenye mradi, fungua terminali, andika:

git log --no-merges --since=12.months --name-only --pretty=format:'#%h'

Utapata komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwa pamoja) moja moja, kila moja na majina ya faili zilizobadilishwa ndani yake. Mwaka mmoja unanitosha, kwa kuwa historia ya kale mno inaeleza mfumo ambao haupo tena. Mradi usioguswa mara kwa mara, rudi nyuma zaidi.

Usikimbilie kuhesabu jozi za faili zilizoguswa pamoja. Kwanza safisha. Kuna siku mtu alipanga upya nafasi za mistari katika mradi mzima, au akabadilisha mwaka wa hakimiliki juu ya kila faili. Komiti ya faili 30 inazaa jozi 435. Ya faili 200 inazaa jozi 19,900, na zote ni takataka. Mimi hutupa komiti yoyote inayozidi faili 30. Tupa pia faili zinazoandikwa na mashine, kama package-lock.json. Angalia na majina yaliyobadilishwa: Git hairekodi kwamba faili imepewa jina jipya, hukisia tu kwa kulinganisha yaliyomo, kwa hiyo faili moja inaweza kuonekana mbili na historia yake ikakatika katikati.

Sasa andika skripti fupi: katika kila komiti, tengeneza jozi zote za faili, kisha uhesabu kila jozi imetokea mara ngapi. Idadi peke yake hudanganya, hivyo igawanye. Tuseme malipo.py imeguswa katika komiti 40, risiti.html katika 30, na katika komiti 28 ziliguswa pamoja. Anayegusa malipo huishia kwenye risiti kwa asilimia 70. Anayegusa risiti huishia kwenye malipo kwa asilimia 93. Usichukue wastani wake. Ni habari mbili tofauti, na ya pili inasema risiti karibu haina maisha yake yenyewe. Jozi iliyotokea mara mbili tatu tu iache, hata ikiwa na asilimia 100.

Faili na jaribio lake kwenda pamoja ni jambo jema, pita. Zilizo folda moja, pita upesi. Simama kwenye jozi zilizo mbali, zisizoitana kabisa. Chukua komiti zake chache uzisome kwa git show, maana takwimu haisemi sababu. Mara nyingi nakuta kanuni ileile imeandikwa mara mbili, mfano urefu wa namba ya simu kukaguliwa kwenye fomu na tena kwenye seva. Au moja inaandika CSV (jedwali la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa koma) na nyingine inaisoma kwa kutegemea mpangilio wa safu. Au hakuna kitu: ni mtu mwenye tabia ya kurundika kazi zake zote katika komiti moja. Huyo ongea naye, msimbo uache.

Wazo lenyewe si geni. Harald Gall na wenzake walilichapisha mwaka 1998 baada ya kuchunguza matoleo ya mfumo wa mawasiliano ya simu. Enzi za CVS, mfumo wa kutunza historia uliotangulia Git, kila faili ilirekodiwa peke yake, ikabidi watafiti wakisie zipi zilikwenda pamoja kwa kuangalia mwandishi, ujumbe na saa. Git inakupa bure.

Kanuni iliyorudiwa, ihamishie mahali pamoja. Isipowezekana, labda kwa sababu pande mbili zimeandikwa kwa lugha tofauti, andika jaribio litakalofeli pande hizo zikipishana. Orodha ya jozi nzito ibaki karibu unapokagua kazi za wenzako: likija badiliko linalogusa malipo.py bila risiti.html, uliza kwanza, kubali baadaye.