Maua ya harusi Dar es Salaam: anza na saa na joto, rangi ifuate

Maharusi wengi huja kwangu na picha kwenye simu, na neno la kwanza huwa rangi. Mimi huuliza kwanza ndoa inafungwa saa ngapi, na sherehe ni ya ukumbi wenye kiyoyozi au ya bustanini. Joto na unyevu wa Dar, hasa Desemba hadi Machi, hulaza ua ambalo Arusha lingesimama siku nzima.

Hatua ya 1: Andika ratiba ya maua

Fuata kila ua tangu linapokabidhiwa hadi kazi yake inapokwisha. Shada la bibi harusi ndilo linaloteseka zaidi: saloni, garini, kanisani, picha za ufukweni, kisha ukumbini usiku. Kama ratiba ni ndefu hivyo, agiza mashada mawili, dogo la pili likabaki majini kusubiri ukumbi.

Hatua ya 2: Gawa maua hai na ya kitambaa

Sioni aibu kutumia maua ya kitambaa. Juu ya dari na nyuma ya jukwaa la maharusi hakuna anayeyagusa, na ni mbali na pua. Fedha ya maua hai iende kwenye shada, meza kuu na meza za wageni.

Hatua ya 3: Chagua linalostahimili

Waridi hutoka sana mashamba ya nyanda za baridi, kama Arusha na Naivasha. Libonyeze taratibu pale petali zinapoungana na kikonyo. Likiwa gumu ni jipya, likibonyea limeshakaa. Okidi na anthuriamu huvumilia joto vizuri. Haidranjia ni nzuri mno, lakini hunywa maji mengi na hunyauka upesi nje ya maji, kwa hiyo mimi huiacha mezani, ndani ya chombo.

Familia za pwani zikitaka vikuba, yaani vishada vidogo vya maua ya kunukia, asumini iagizwe ya siku ileile, ichumwe ikiwa bado imefumba na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Itafunguka jioni, harufu ikiwa kamili. Na kwa Wachagga, isale ni jani la amani na la kuombea msamaha. Linadumu sana, lakini waulize wazee kabla ya kulifanya pambo.

Hatua ya 4: Hesabu

Wageni 300, kumi kwa meza, ni meza 30. Vikonyo 12 kila meza ni 360. Ongeza asilimia kumi kwa yatakayovunjika, unakaribia 400, na meza kuu bado. Peleka hesabu hii kwenye kamati kabla bajeti haijafungwa. Kama mnaweza, epukeni wiki ya tarehe 14 Februari: mashamba yanakimbizana na soko la Ulaya, na waridi hupanda bei.

Hatua ya 5: Kaa na mpambaji

Swali ninalotaka umuulize kuliko yote ni hili: maua yanafika lini, na yatalala wapi? Mpambaji anayeijua kazi atakwambia anakata vikonyo upya kwa mshazari, anaondoa majani yatakayozama, kisha anayaacha saa kadhaa kwenye ndoo safi za maji, mahali pa baridi pasipo jua. Akijibu kwamba yatafika asubuhi ya harusi na kwenda moja kwa moja mezani, tafuta mwingine.

Kisha andikianeni: aina ya maua, mbadala wake yakikosekana, saa ya kumaliza kupamba, kianzio na salio. Neno "maua mazuri" halitoshi kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Mteue wifi au shangazi mmoja apokee maua, bibi harusi asipigiwe simu. Shada likae majini hadi dakika ya kutoka, vikonyo vikaushwe ndipo akabidhiwe. Lisiwekwe mbele ya gari chini ya kioo, wala kwenye friji yenye ndizi au maembe yaliyoiva. Gesi ya matunda hayo huzeesha maua haraka. Usiku, huyohuyo ahesabu vyombo vya mpambaji kabla wageni hawajaanza kuondoka navyo.