Cessna 172 ya Zamani Arusha: Kimo, Vumbi na Kukaa Bila Kuruka

Uwanja wa ndege wa Arusha, pale Kisongo, uko karibu futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Saa saba mchana mwezi wa Februari, joto likifika nyuzi 28, hewa ya pale huwa nyepesi kama ya futi 7,200. Kama ndege yako ni Cessna 172 ya miaka ya 1970 yenye injini ya Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 150, mchana huo karibu moja ya tano ya nguvu hizo haipo, hata ukisukuma throto, yaani mkono wa nguvu za injini, mpaka mwisho.

Kitabu cha ndege hiyo kinaonyesha kwamba ikiwa na uzito kamili wa kilo 1,043, usawa wa bahari, joto la nyuzi 15, inahitaji mita 465 hivi kuondoka na kuvuka kizuizi cha futi 50. Kwenye kimo cha futi 7,500 inahitaji takriban mita 1,175. Namba hizo zilipatikana kwa ndege mpya yenye propela isiyo na kovu. Ndege ya miaka 50 haizifikii, na sisi huongeza robo nzima kabla ya kuanza hesabu. Kasi ya kupanda nayo hushuka hadi futi 350 hivi kwa dakika, na hapo hujakutana na upepo unaoshuka kutoka Meru.

Kwa hiyo anza na uzito. Ndege ipimwe upya kwenye mizani, maana karatasi ya zamani haijui habari za rangi iliyopakwa juu ya rangi, redio zilizoongezwa na viti vilivyoshonwa upya. Tuseme ndege tupu ina kilo 640. Ukijaza matangi unapata lita 144 zinazotumika. Kila lita ya avgasi, petroli ya ndege hizi, ina kilo 0.72, jumla kilo 104. Katika zile 1,043 zinabaki kilo 299. Watu wazima wanne wa kilo 80 ni 320, na begi bado halijaingia. Viti vinne havimaanishi abiria wanne. Ukiondoka Arusha mchana, chukua watu wawili na lita 75, ambazo kwa matumizi ya lita 30 hivi kwa saa zinakupa saa mbili na nusu pamoja na akiba. Ukitaka kubeba zaidi, ondoka asubuhi na mapema. Moshi kuna nafuu, uwanja wake uko futi 2,800 hivi, ila joto lake hula sehemu ya nafuu hiyo.

Mkono mwekundu

Rubani aliyefundishwa pwani amezoea kupaa mkono mwekundu wa mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa umesukumwa hadi ndani. Arusha mazoea hayo yanakunyima nguvu ambazo injini bado inazo: hewa ni kidogo, petroli ni nyingi, injini inakohoa na plagi zinajaa masizi. Simama mwanzo wa njia ya kurukia, kanyaga breki, sukuma throto yote, kisha vuta mkono mwekundu polepole huku ukitazama mizunguko ya injini kwa dakika. Itapanda, itafika kilele, itaanza kushuka. Rudisha ndani kidogo kupita kilele, kisha achia breki. Kama chini kuna kokoto, usifanye zoezi hili ukiwa umesimama, kwa sababu propela itazinyonya. Rekebisha mchanganyiko mahali penye lami, au wakati ndege imeanza kukimbia.

Unapotembea ardhini, vuta mkono mwekundu mpaka injini ikaribie kukwama. Ukiusahau hapo, utakaposukuma throto ili upae injini itakufa palepale, na huo ndio usalama wake. Ukiuvuta nusunusu, injini inaweza kukubali kupaa na kuungua angani.

Kukagua magneto mbili, mitambo inayotoa cheche za plagi, weka mizunguko 1,700. Kila upande usishuke zaidi ya 125, na tofauti kati ya pande mbili isizidi 50. Fanya hivyo baada ya kurekebisha mchanganyiko, la sivyo utamlaumu fundi wa magneto kwa kosa la petroli. Injini ikitetemeka upande mmoja, ipandishe hadi 2,000, punguza petroli, isubiri dakika moja, jaribu tena. Mara nyingi ni madini ya risasi yaliyomo kwenye avgasi ya 100LL. Fungua plagi ya chini ya silinda uitazame kwenye mwanga: kwenye kina chake utaona vitone vigumu vya rangi ya kijivu, vimeng'ang'ania kati ya kauri na chuma kama mbegu. Ving'olewe kwa sindano nyembamba, usigonge kauri. Mwanya uwe milimita 0.4 hadi 0.5, pete ya shaba ya plagi iwe mpya, na plagi ikazwe kwa spana ya kupimia, nyutoni-mita (Nm) 41 hadi 47. Ukirudisha plagi, ya chini ipande juu na ya juu ishuke chini.

Kutua, shika kasi ileile ya kwenye saa ya mwendo unayotumia pwani. Ardhi itaonekana kukimbia kwa kuwa kwenye hewa ya futi 7,200 noti 65 (maili za baharini kwa saa) zinazosomeka hapo ni karibu noti 72 za kweli. Wengi huona mwendo huo, wakavuta usukani, na ndege ikaanguka kutoka kimo cha mtu. Gurudumu la mbele likitangulia, nguvu yote inaingia kwenye ukuta wa moto, ule unaotenga injini na chumba cha rubani. Baada ya kutua kwa kishindo fungua kifuniko cha injini, utafute mikunjo na riveti zilizolegea pale mguu wa mbele unaposhikana na ukuta huo.

Vumbi

Filta ya hewa ndiyo kinga pekee kati ya moramu na ringi za pistoni. Ile ya sponji ibadilishwe kila saa 100 au kila mwaka, na kama unatua viwanja vya porini usisubiri saa hizo. Vuta ukingo wake kwa kidole: ikiacha nafasi, vumbi linapita pembeni na filta ni pambo tu. Jambo ambalo marubani wengi hawalikumbuka ni kwamba ukivuta joto la kabureta, mkono unaoingiza hewa ya moto kuzuia barafu, hewa haipiti tena kwenye filta. Lijaribu mara moja, kwa sekunde chache, mahali safi, kisha lirudishe. Usitembee nalo ardhini.

Propela uipapase ukingo wa mbele kwa ukucha kila siku, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Kovu linalonasa ukucha ni mwanzo wa ufa. Mhandisi alisawazishe kwa tupa laini mpaka liwe bonde jepesi lisilo na kona. Hata hivyo usiamini ufunguo peke yake. Waya unaozima magneto ukikatika, injini inaweza kuwaka mtu akizungusha propela kwa mkono. Ndiyo maana kabla ya kuzima injini, ikiwa polepole kabisa, geuza ufunguo kwenye OFF kwa nukta moja: isipoonyesha kufa, waya umekatika.

Nyigu wa udongo nao hawapumziki. Siku mbili zinatosha kuziba bomba la kupimia kasi au tundu la hewa la tangi la bawa. Tundu la tangi likiziba, petroli haishuki na injini inazima ingawa mafuta yapo. Funika bomba la kasi kwa kifuniko chenye utepe mwekundu, na tundu la tangi likaguliwe kwa macho kila asubuhi. Shomoro wao hupenda nafasi ya nyuma ya silinda. Majani makavu hapo ni moto unaosubiri injini ipate joto.

Masika vifuniko vya zamani vya matangi, vile vilivyolala sawa na bawa, hupitisha maji mpira ukikauka. Badilisha mpira, au bora uweke vile vya mwavuli. Toa petroli kila sehemu ya chini kwenye chupa safi. Avgasi ya 100LL ni ya bluu na maji hukaa chini yake. Kilichomo kwenye chupa kikiwa hakina rangi, usifurahi: inaweza kuwa yote ni maji, au umejaziwa Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti. Inuse, dondosha tone kwenye karatasi. Avgasi hukauka bila alama, Jet A-1 huacha doa la mafuta.

Kukaa bila kuruka

Injini nyingi hazimalizwi na kazi, zinamalizwa na kutu. Kamshafti ya Lycoming, mhimili unaofungua vali, iko juu ya krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, na ndege ikikaa, oili yote hutiririka chini na kuiacha wazi. Kutu ndogo ikianza, vinyanyuzi vya vali huigeuza msasa. Rusha ndege angalau mara moja kwa mwezi, sisi tunapendelea kila wiki, oili ikae saa nzima kati ya nyuzi 74 na 93. Kuiwasha dakika kumi uwanjani ili kuipasha moto ni kosa: mvuke wa maji huingia kwenye oili, na joto halitoshi kuutoa.

Oili ibadilishwe kila saa 50 kama kuna filta, saa 25 kama kuna wavu tu, na vyovyote iwavyo isipite miezi 4. Kwa joto la huku oili ya SAE 50, ile ya W100, inafaa. Kijiti cha kupimia oili kina alama mpaka kwati 8, lita 7.6 hivi; ukijaza mpaka juu, ziada hutupwa nje kupitia bomba la pumzi na kuchafua tumbo la ndege. Tunaacha kati ya 6 na 7. Filta ya zamani ikatwe, karatasi yake ikamuliwe na kutandazwa juani. Chembe zinazonaswa na sumaku ni chuma, na hapo kamshafti na vinyanyuzi ndivyo vya kwanza kushukiwa.

Upimaji wa mgandamizo hufanywa injini ikiwa moto, kwa hewa ya psi 80. Silinda ikionyesha chini ya 65, au ikipishana na wenzake kwa 10 hadi 15, sikiliza hewa inatokea wapi. Bomba la moshi: vali ya kutolea. Kabureta: vali ya kuingizia. Mdomo wa oili: ringi. Rusha saa moja upime tena kabla hujaagiza silinda.

Anayenunua auangalie muda wa injini kwa namna mbili, maana Lycoming huipa O-320 saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Injini yenye saa 400 iliyolala miaka 15 si bahati. Ndege iliyoishi Dar es Salaam au Zanzibar ing'olewe mazulia na viti, mhandisi atafute unga mweupe wa chumvi kwenye aluminiamu. Riveti iliyozungukwa na mchirizi wa kijivu imelegea.

Karatasi zisisahaulike: usajili wa 5H, alama ya ndege za Tanzania, cheti cha ubora wa kuruka kutoka TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, leseni ya redio, bima, vitabu vya ndege, injini na propela. Kazi zote zisainiwe na mhandisi mwenye leseni.

Reli za viti

Hili tumelitenga kwa makusudi. Kiti cha rubani kwenye Cessna hizi hushikwa na pini inayoingia kwenye matundu ya reli. Matundu yakilika, pini hukaa juujuu, na wakati wa kupaa pua inaponyanyuka kiti huteleza nyuma. Rubani hushikilia usukani asianguke, pua inazidi kupanda, na mabawa yanashindwa kuibeba ndege ikiwa chini kabisa. Agizo la usalama la Marekani AD 2011-10-09 linataka reli zikaguliwe kila saa 100 au miezi 12: tundu lisizidi inchi 0.42, yaani milimita 10.7, na nyufa zitafutwe baada ya kusafisha uchafu wote.

Safisha reli kwa brashi na kitambaa, kwa kuwa udongo mwekundu wa viatu hugandia kwenye matundu na pini haizami. Ukikaa, sogeza kiti mpaka usikie pini imeingia, kisha sukuma sakafu kwa miguu miwili na ujitupe nyuma kwa nguvu. Rudia baada ya kufunga mkanda. Kikisogea hata kidogo, zima kila kitu na ushuke. Kikiteleza ukiwa tayari hewani, achia usukani kwanza, shika ukingo wa dirisha au fremu ya mlango, jivute mbele.