Video umeipachika, wenzako hawaioni: namna ninavyopanga ruhusa kwenye Drive

Kiwanda chetu cha kukamua alizeti kiko Kizota, hapa Dodoma, na tuna vituo vya kununulia mbegu Kibaigwa na Manyoni. Mafunzo mengi siku hizi tunayarekodi kwa simu: jinsi ya kufungua chujio la mafuta na kulisafisha, jinsi ya kupima unyevu wa mbegu, jinsi ya kupanga magunia ya mashudu yasipate joto stoo. Video zinakaa Google Drive, stoo ya mafaili ya Google mtandaoni, na nimezipachika kwenye ukurasa wa wafanyakazi, yaani zinacheza humohumo ndani ya ukurasa. Kuzitunza ni kazi yangu, na malalamiko ninayoletewa karibu yote yanafanana: ukurasa unafunguka vizuri, ila penye video pana kisanduku kinachosema huna ruhusa.

Jambo la kushika kwanza ni kwamba kupachika video hakumpi mtu ruhusa ya kuitazama. Anayeingia kwenye ukurasa amepewa ufunguo wa geti tu; stoo ina kufuli lake. Faili bado liko Drive, na Drive ndiyo inayomuuliza kila mtazamaji yeye ni nani.

Hapo wengi wanakimbilia dawa ya haraka: wanabonyeza "Share", wanabadilisha "Restricted" (walioruhusiwa tu) kuwa "Anyone with the link" (yeyote mwenye linki), wanaendelea na kazi. Kwa video ya kusafisha chujio sina neno. Kwa kikao cha wafanyakazi, hapana. Chaguo hilo halimwulizi mtu jina wala akaunti. Linki ikidondoshwa kwenye grupu moja la WhatsApp, iko Singida kabla chai yako haijapoa. Ukishtuka unaweza kurudisha "Restricted", na linki ileile itagoma kwa wasio na ruhusa, lakini aliyekwisha kuipakua amekwisha kuipakua. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na sura ya mfanyakazi wako ndani ya video ni taarifa yake. Usiitawanye kwa sababu ya uvivu wa kubonyeza.

Mimi napanga hivi. Natengeneza folda kwa kufuata watazamaji, sifuati mada: moja ya wafanyakazi wote, moja ya watu wa mashine, moja ya ofisi. Ruhusa naiweka kwenye folda, na kila video ninayoitia humo inairithi. Halafu sijazi majina ya watu mmoja mmoja. Nafungua kikundi kwenye Google Groups, naingiza humo barua pepe za wahusika, na folda naishiriki na kikundi hicho kwa ngazi ya "Viewer", yaani kutazama tu. Akija kibarua mpya, namwongeza kwenye kikundi, akiondoka, namtoa. Folda siigusi tena. Angalizo moja: ruhusa uliyoitoa kwenye faili lenyewe inabaki nalo hata ukilihamishia folda nyingine. Kwa hiyo video ya zamani ikihama, ifungue "Share" yake uone nani bado amekaa humo.

Sasa kuna shida ambayo maelezo mengi ya mtandaoni hayaigusi, kwa sababu walioyaandika hawajakaa na mafundi wetu. Mzee wa boila alinifuata akiwa na simu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Hii video yako inaniomba kibali, na mimi nimo humu kiwandani kuliko wewe."

Kwenye kikundi nilikuwa na barua pepe aliyoiandika kwenye fomu ya ajira, ya mwanawe. Simu yake ilikuwa na akaunti nyingine kabisa, aliyofunguliwa na kijana aliyemuuzia simu pale Majengo, na mzee hakujua kama ipo. Wa namna yake ni wengi. Usimuulize mtu "barua pepe yako ni ipi?" Mwambie afungue Play Store, aguse kile kiduara cha picha juu kulia, na anwani itatokea. Inakili hiyo, herufi kwa herufi. Mwenye akaunti mbili, ya kazi na ya kwake, naye aangalie anatazama kwa ipi. Kama mnatumia akaunti za kampuni na za nje zinakataliwa, jua msimamizi wa akaunti zenu amezuia kushiriki nje; mfuate yeye.

Ombi la ruhusa likikuingia kwa barua pepe, usibonyeze kukubali papo hapo. Soma anwani, mtambue mtu, kisha mwongeze kwenye kikundi. Ukikubali moja moja, baada ya miezi michache utakuwa na ruhusa zimetapakaa kwenye mafaili na hujui nani anaona nini.

Kupachika kwenyewe ni kazi fupi. Fungua video kwenye kompyuta, kwenye dirisha lake peke yake, bonyeza vidoti vitatu, uchague "Embed item", unakili msimbo. Anwani ndani yake inaishia na /preview. Ukibandika ile ya kawaida inayoishia na /view, haitaonekana hata ungekuwa mwenye faili. Video ikiwa imepandishwa sasa hivi, ipe muda Drive iiandae. Kabla ya hapo watu watadhani umewafungia.

Chini ya kila video weka pia linki ya kawaida. Safari, kivinjari cha iPhone, kwa mfano, huzuia vidakuzi vya tovuti nyingine, yaani zile kumbukumbu ndogo zinazoiwezesha Drive kukutambua, hivyo mwenye iPhone anaweza kuwa na ruhusa kamili na bado Drive isimtambue ndani ya ukurasa wenu. Akifungua kwa linki, anatambuliwa.

Kuhusu kupakua: kwenye "Share" kuna alama ya gia, na humo unaweza kuwaondolea watazamaji uwezo wa kupakua. Video za vikao nazifungia, nikijua kwamba mwenye simu ya pili atarekodi kioo akitaka. Za mafunzo naziachia makusudi. Wenzetu wa Manyoni wananunua MB kwa pesa yao, na video ya kupima unyevu wanairudia kila msimu. Waipakue mara moja, waitazame bila intaneti.

Kabla sijatangaza chochote, nafungua ukurasa kwenye dirisha la hali fiche ("Incognito") bila kuingia kwenye akaunti: video ya ndani inapaswa kukataa. Kisha naazima simu ya mtu wa mashine, si ya bosi, nione kama inacheza. Mwisho, kama kifurushi chenu cha Google Workspace, yaani akaunti za Google za kampuni, kina hifadhi ya pamoja ("Shared drive"), weka video huko zisikae kwenye akaunti ya mtu mmoja. Mwenye akaunti akiacha kazi na akaunti ikafutwa bila mafaili kukabidhiwa mwingine, ukurasa mzima unabaki na visanduku vitupu.