Kelele za karakana: anza na mashine, kisha masikio, ukuta baadaye

Mimi ni seremala hapa Amu (Lamu), karakana yangu iko Langoni kwenye kichochoro ambacho punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, na ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wa jirani. Zamani kazi ilikuwa patasi na nyundo, ukichonga mlango hata aliyelala ghorofani haamki, saa hii ni msumeno wa meza, randa ya stima, grenda na kompresa, zikiwaka zote mtaa mzima wajua leo kuna oda. Nilianza kujali siku binti yangu alinipigia kelele toka ngazini "baba fungua!" mimi nikasikia "ungua", nikatoka mbio na ndoo ya maji, kumbe mtoto ataka mlango tu. Hizo herufi nyembamba kama f na s ndizo hupotea mwanzo, manake kelele za mashine huanza kuharibu sauti za juu, na vile vinywele vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Dawa hamna. Kwa hivo soma hii kabla hujaanza kuuliza watu "ati?" kila saa.

Kwanza jua kelele yako ni ya kiasi gani. Simama na mwenzako umbali wa mkono, mashine iwe yawaka, kama mnalazimika kupaza sauti ndio msikizane basi hapo pengine mshapita desibeli 85, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Apu za simu nazo hupima, si sahihi sana lakini zakupa picha. Hiyo 85 ndiyo wataalamu wengi hutaja kwa masaa 8 ya kazi, na kila ikipanda 3 muda wako unakatika nusu: 88 ni masaa 4, 91 masaa 2, ukifika 100 una dakika 15 tu, na grenda au randa ya stima kufika 100 si ajabu hata kidogo. Sheria ya Kenya ya 2005 ya kelele kazini iko juu kidogo, 90 kwa masaa 8, lakini masikio ni yangu, mimi nafuata 85.

Sasa watu wengi hapa huruka moja kwa moja kununua hedfoni za kukinga masikio. Ngoja. Angalia mashine yenyewe kwanza, hii ni kazi ya bei rahisi kuliko zote na hakuna anayeifanya. Msumeno butu hulia zaidi ya uliotiwa makali, ubao usiobanwa vizuri hutetema na kupiga yowe, beringi iliyokauka grisi husikika mpaka gatini. Halafu miguu, mashine ikisimama kavu juu ya saruji au sakafu ya boriti mtetemo wote washuka chini na nyumba nzima yawa ngoma. Nilikata vipande vya tairi kuukuu la lori, vinene kama vidole viwili, nikaweka chini ya kompresa na meza ya msumeno, jirani wa juu akaniuliza kama nimeuza kompresa. Kompresa yenyewe kama waweza itoe nje uani uvute mpira mrefu.

Masikio sasa. Kuna plagi za sponji za kutia ndani na kuna zile za kufunika kama hedfoni, zisizo na muziki. Plagi wengi huzitia vibaya, hubandika mlangoni mwa sikio halafu wasema hazifanyi kazi. Osha mikono, ibiringishe kati ya vidole mpaka iwe nyembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, itie, halafu ishikilie na kidole sekunde 20 au 30 ivimbe ndani. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kama wazungumza ndani ya mtungi basi imekaa.

Za kufunika ni rahisi ila zina adui wawili hapa kwetu, kofia na miwani. Kofia ya vito ikipita chini ya ule mto wa hedfoni pale kwa pembeni inaacha uwazi, na uwazi mdogo tu wapoteza nusu ya kazi, kwa hivo kofia ipandishe juu ya masikio au iweke kando mpaka umalize. Miwani chagua yenye mikono myembamba. Na jasho la kaskazi, pangusa ile mito kila jioni isije ikakauka na kupasuka.

Kwenye paketi kuna namba imeandikwa NRR, yaani desibeli ambazo kinga hiyo yadaiwa kupunguza, usiiamini yote. Toa 7, gawa kwa 2. Ikisema 25 hesabu 9, yaani kelele ya 100 kwako yabaki kama 91, masaa 2 si siku nzima. Kwa grenda mimi navaa zote mbili, plagi na za juu, ingawa usijumlishe namba, ile ya pili huongeza kama desibeli 5 tu hivi.

Na hizi hedfoni za Bluetooth za kuua kelele ambazo vijana wanazo? Ni nzuri kwa mvumo mzito wa mfululizo kama jenereta au injini ya boti, lakini mlio mkali wa msumeno na kishindo cha nyundo vyapita, na nyingi hazina hata hiyo namba ya kinga. Nilinunua, nikaongeza muziki uzidi kelele, nikawa najiua mara mbili. Sitaki hata kusema nilitoa ngapi.

Chumba nimekiweka mwisho makusudi. Trei za mayai toa kichwani, hazizuii sauti kutoka, ni vumbi na mende tu. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa, na kuta zetu za matumbawe tayari ni nzito, kelele haipiti ukutani, yapita mlangoni na dirishani. Tundu likiwa sehemu 1 tu kati ya 100 ya ukuta, hata ukuta uwe mnene vipi hutapunguza zaidi ya desibeli 20. Kwa hivo bandika mpira kuzunguka fremu ya mlango, chini weka kizuizi, ongeza plaiwudi nene upande wa ndani. Lakini usizibe kila kitu ukafa na joto na vumbi la mbao. Pale dirishani tengeneza sanduku la mbao lenye njia ya kupinda kama kichochoro, upepo wapita, sauti yagonga kona na kufifia, ndani ulivike mablanketi ya sufu kuukuu. Sponji ya godoro usiweke kabisa karibu na grenda, cheche moja tu na hiyo "ungua" itakuwa kweli.

Wenye paa la mabati au makuti nawaambia ukweli, juu hamna cha kuzuia, nyinyi wekeni nguvu kwenye mashine na masikio, na msumeno uzimwe madrasa ikiwa ndani. Mimi nimekubaliana na jirani: grenda ni baada ya saa nne asubuhi, na ikikaribia adhuhuri nazima kabla muadhini hajakohoa kwenye maikrofoni.