Usiite kila kitu weird

Vijana mnaotembeza wageni kwenye michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa: msiite kila kitu weird, neno la Kiingereza la kitu cha ajabu. Zamani neno hilo lilikuwa wyrd, yaani majaliwa, na Shakespeare akawapachika wachawi watatu wa tamthilia yake Macbeth. Siku hizi lina harufu ya kejeli. Ukiliweka kwenye michoro ya mababu, mgeni atadhani unaidharau. Jioni, miamba ikinyamaza hadi nywele zinasimama, sema eerie, neno la Scotland na kaskazini ya Uingereza ambalo awali lilimweleza mtu mwenye woga. Jiwe likifanana na uso wa mtu kupita kiasi, hapo ndipo pa uncanny. Strange haina shida, japo imechuja: asili yake ni Kilatini, kitu cha nje, ikapitia Kifaransa.