SOMO: Kuboresha fimbo za gofu bila kununua seti nzima

Wakuu, swali ni lile lile kila siku: "Nina laki kadhaa, ninunue draiva (fimbo ya kupiga mbali zaidi) gani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo someni hadi mwisho ndipo muulize. Naandika kwa ajili yetu wachezaji wa ridhaa, wa handikapu (mapigo ya ziada unayoruhusiwa; ndogo ndiyo bora) 15 hadi 28, tunaonunua vitu vya mkononi. Wa handikapu 4 mnajua mnachofanya, au mnadhani mnajua.

1. Mwaga begi, hesabu fimbo. Mwisho ni 14.

2. Sugua nyuso za fimbo kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani. Kuna watu wamerudisha "spini" (mzunguko wa mpira) yao kwa hatua hii tu.

3. Badili gripu (sehemu ya kushikia). Gripu ikishang'aa na kukauka unalazimika kuibana, mikono inakakamaa. Unahitaji kisu chenye kulabu, tepu ya gundi pande mbili, tapentaini na jioni moja. Kwenye shafti (mti wa fimbo) ya grafiti kata taratibu ukielekeza makali nje, usije ukajeruhi nyuzi zake. Petroli nayo inafanya kazi, ila msiniletee habari za kuungua.

4. Andika umbali wa kila fimbo. Piga mipira kumi, tupa miwili iliyozidi na miwili iliyopungua, chukua wastani. Pima pale mpira unapodondoka, siyo unaposimama. Kiangazi cha Dar kinabingirisha mpira mpaka unajiona bingwa.

5. Pima mwinamo wa uso (kwa nyuzi za pembe; zikipungua mpira unaenda mbali zaidi) KABLA ya kununua aironi, zile fimbo za chuma zenye namba, namba ndogo ikipiga mbali zaidi. Hapa ndipo pesa za watu zinapozama, na zangu zimo. Aironi 7 ya zamani ilikuwa na nyuzi 34 au 35. Nyingi za leo, hasa zile za kusamehe makosa, zina nyuzi 30, nyingine 28. Unapelekwa renji (uwanja wa mazoezi), unapiga, mpira unavuka ulipozoea, unafungua pochi. Umepiga aironi 6 iliyoandikwa 7! Hilo lenyewe si dhambi, maana uzito wa kichwa umeshushwa chini na mpira bado unapaa. Balaa liko mkiani mwa seti. Pitching weji (weji ni fimbo za mapigo mafupi) iliyokuwa na nyuzi 48 sasa ina 44, au hata 43. Weji yako ya mchanga imebaki na 56. Katikati pana nyuzi 12, na kwa wengi wetu hizo ni mita 25 hadi 30 zisizo na fimbo yake. Kila ukifika hapo unapiga nusu pigo la kubahatisha, tena ndani ya mita 100, kule kule tunakopoteza mapigo mengi.

Kwa hiyo: usilipie aironi hujaona jedwali la nyuzi za modeli ile ile ya mwaka ule ule, kwa sababu makampuni hubadilisha huku jina likibaki. Kati ya weji na weji acha nyuzi 4 hadi 6. Ukichukua pitching ya 44, tenga kwanza hela ya weji ya 50. Ikikosekana hiyo hela, seti hiyo bado huiwezi. Na namba iliyochongwa kwenye kichwa isikushawishi chochote.

6. Shafti. Herufi R na S, za kuonyesha ugumu wake (R laini, S ngumu), hazina kipimo kimoja duniani. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine. Piga kwanza, herufi baadaye.

7. Lai, yaani pembe kati ya shafti na ardhi. Chora mstari wa kalamu ya maka kwenye mpira, uuelekeze kwenye uso wa fimbo ukiwa wima, piga. Alama itakayobaki usoni ikiinama kuelekea ncha (upande wa kichwa ulio mbali na shafti), fimbo imesimama mno na inakuvutia kushoto (kwa wa mkono wa kulia). Ipeleke kwa fundi. Aironi za kufuliwa hupindika vizuri, za kumiminwa zinaweza kukatika.

8. Draiva, mwisho wa yote. Sheria zimefunga ukubwa wa kichwa kwenye sentimita za ujazo 460, kwa hiyo draiva nzuri ya miaka mitano iliyopita haijazeeka kiasi unachoambiwa.

9. Fimbo ya kusukumia kwenye grini (majani mafupi yenye shimo): kama urefu wake unakufaa, iache.

MASWALI

Begi_Jipya: Mkuu, draiva gani nzuri?

Jibu: Hatua ya 8.

Begi_Jipya: Nimesoma. Nauliza kampuni gani.

Jibu: Hatua ya 4 umefanya? Leta namba, tuongee.

Mapigo90: Mpira kwenda mbali si ndiyo lengo? Naona unapinga maendeleo.

Jibu: Sijapinga chochote. Nimesema ujaze pengo la nyuzi 12. Rudia hatua ya 5 ukiwa umetulia.

Mama_Grini: Natumia seti ya zamani ya mume wangu. Fundi alikata inchi moja kwa juu, sasa sisikii kichwa cha fimbo kabisa. Ni mimi au fimbo?

Jibu: Fimbo, dada. Ukikata juu, kichwa kinajihisi chepesi na shafti inakuwa ngumu zaidi, wakati ulihitaji laini. Kabla ya kununua, mwambie fundi abandike vipande vya tepu ya risasi (metali nzito) nyuma ya vichwa, akianza na aironi 7 peke yake. Ongeza kidogo kidogo mpaka usikie uzito wake unaposhuka. Isipotosha, tafuta aironi chache za grafiti laini, 7, 9 na weji moja. Hizo na haibridi (mseto wa aironi na fimbo ya mbao) zinacheza uwanja mzima.

Pwani_Bara: Nahamia Nairobi kutoka Mombasa. Vipimo vyangu vitafaa?

Jibu: Swali zuri. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, kila fimbo itaongeza umbali, kwa hiyo pima upya. Halafu viwanja vingi vya huko vina majani ya kikuyu, yanashika kichwa cha fimbo kama mkono. Usiuze haibridi yako.

Shimo_la_Tisa: Fundi anasema ataichonga upya mifereji (michirizi ya usoni) ya weji zangu. Nimruhusu?

Jibu: Kwa mazoezi, sawa. Kwa mashindano hapana. Tangu 2010 vipimo vya sheria vya mifereji vimekazwa zaidi na fundi wa kona hana kifaa cha kuvipima.

Kedi_Mstaafu: Niongezee. Mtandaoni feki zimejaa. Draiva inayosemwa ni titani, gusisha sumaku katikati ya uso. Ikinasa, ondoka. Na anayeagiza nje akumbuke ushuru wa forodha, kisha, kwa Tanzania, VAT ya asilimia 18 juu yake.

Jibu: Asante mzee. Ila sumaku ikae usoni tu, skrubu za uzito zinaweza kunasa hata kwenye halisi.

Begi_Jipya: Nimepima. Draiva 185, haibridi 165, aironi 7 mita 125, pitching 98, mchanga 66.

Jibu: Sasa tunaongea. Achana na draiva, pengo lako ni 98 hadi 66. Angalia nyuzi za pitching yako, kisha tafuta weji ya katikati. Fimbo zako zinalala wapi?

Begi_Jipya: Kwenye buti la gari.

Jibu: Zitoe leo. Joto la buti la Dar hulegeza gundi ya epoksi. Shika shafti, jaribu kuzungusha kichwa. Kikicheza hata kidogo, usiipige kabla fundi hajaigundisha upya.